Kori 28, kasi ya kori 6: njia ya kumbukumbu na jinsi inavyobuniwa

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Njiro, Arusha. Nimenunua seva iliyotumika yenye prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, jumla kori (vitengo vya hesabu) 28, na RAM mbili za GB 32. Nachakata picha za setilaiti za Sentinel-2 za eneo la kuanzia Meru hadi Kibo: dirisha la pikseli 8192 kwa 8192, bendi mbili, tarehe 100. Kwa kila pikseli natafuta faharasa ya uoto, NDVI, kisha mwelekeo wake kwa miaka. Programu nimeiandika kwa C na OpenMP, zana ya kugawa kazi kwa kori nyingi. Data yote ikishaingia kwenye RAM, hesabu inachukua kama sekunde 6 kwa kori 6, na sekunde 6 hizo hizo kwa kori zote 28. Nahitaji kuirudia mamia ya mara kwa vigezo tofauti. Je, nimeuziwa prosesa mbovu? Na kwa nini wabunifu wasiweke kache kubwa ya kutosha ndani ya prosesa tukaachana na RAM?

Jibu: Ndugu msomaji, prosesa zako ni nzima. Kilichojaa ni njia ya kutoka kwenye RAM kwenda kwenye kori, na kwa maelezo uliyotoa inawezekana kuonyesha kwa hesabu kwa nini imejaa kwenye kori ya sita na si ya kumi wala ya ishirini. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomwongoza mbunifu anapoamua kache, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, iwe na ukubwa gani, na chaneli, yaani njia za kuunganisha prosesa na RAM, ziwe ngapi, kwa hiyo swali lako la pili litajibika humo humo.

Tuanze na RAM zako. E5-2680 v4 ina chaneli nne za kumbukumbu. Chaneli moja ya DDR4-2400 ina upana wa biti 64, yaani baiti 8, na hupitisha data mara milioni 2,400 kwa sekunde; ukizidisha unapata GB 19.2 kwa sekunde. Chaneli nne ni 76.8, na prosesa mbili ni 153.6. Wewe una RAM mbili tu, bila shaka moja kwa kila prosesa. Maana yake chaneli sita kati ya nane ziko tupu, na seva yako inaishi kwa GB 38.4 kwa sekunde, robo ya uwezo wake. Hutaona taa nyekundu wala ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa mashine hilo si kosa. Tangazo la seva iliyotumika huandika “RAM GB 64” na kuishia hapo. Zimegawanywaje kwenye chaneli ni jambo la mnunuzi kuuliza mwenyewe.

Sasa kori ya sita. Kori ikihitaji data isiyokuwemo kwenye kache, jibu kutoka RAM hurudi baada ya takriban nanosekunde 90 kwa prosesa za kizazi hiki. Kwa saa ya GHz 2.4 hiyo ni zaidi ya mizunguko 200 ya kukaa bure. Data haiji baiti moja moja. Huja kwa mstari wa kache wenye baiti 64. Ili chaneli ya GB 19.2 kwa sekunde isikae wazi hata kidogo, ni lazima wakati wote kuwe na baiti 19.2 × 90 njiani, yaani baiti 1,728, sawa na mistari 27. Ni hesabu ya daladala: ukitaka moja ifike Njiro kila dakika tano na safari huchukua dakika thelathini, lazima sita ziwe barabarani kwa wakati mmoja, hata madereva wawe hodari namna gani.

Kila kori ya kizazi cha Broadwell, ambacho ndicho chako, ina nafasi 10 za kufuatilia mistari ambayo L1, kache ya kwanza iliyo karibu zaidi na kori, imeiomba na haijafika. Kori moja basi inaweka mistari 10 njiani, kori tatu zinaweka 30, na chaneli imejaa. Tatu upande huu, tatu upande ule: sita. Ukweli wenyewe umechafuka kidogo kuliko hapo, kwa sababu kifaa cha kuleta data mapema kwenye L2, kache ya ngazi ya pili, kina foleni yake na kinaweza kuijaza njia hata kwa kori pungufu ya tatu, lakini picha ndiyo hiyo. Kwa chaneli zote nne hesabu inakuwa mistari 108 njiani kwa prosesa moja, na hapo unahitaji kori kama 11 kuijaza. Utaona kwamba kori 14 na chaneli nne hazikukutanishwa kwa bahati.

Mbunifu ana njia mbili za kuishi na nanosekunde hizo 90: kupunguza safari za kwenda RAM, au kuruhusu safari nyingi ziwe njiani kwa pamoja. Kache ni njia ya kwanza. Benki (vipande vya kumbukumbu ambavyo kila kimoja hujibu kivyake), chaneli na nafasi za kufuatilia maombi ni njia ya pili. Watu wengi wakisikia habari za kumbukumbu ya kasi hufikiria kache peke yake, na hapo ndipo wanapopotea wanaponunua mashine ya hesabu.

Njia ya pili ina umri mkubwa. CDC 6600 ya Seymour Cray, mwaka 1964, ilikuwa na kumbukumbu iliyogawanywa katika benki 32 zinazoweza kufanya kazi kwa kupishana. Cray-1 ya mwaka 1976 haikuwa na kache ya data kabisa. Ilikuwa na benki 16. Kila benki ikishajibu ilihitaji nanosekunde 50 kabla ya kupokea ombi jingine, wakati saa ya prosesa ilipiga kila nanosekunde 12.5. Benki nne zikipishana vizuri zilitosha kutoa neno moja kwa kila mpigo. Lakini programu iliyoruka maneno 16 kwa kila hatua iliangukia benki ile ile kila mara, na kasi ilishuka hadi robo. Kasoro hii ya namba zilizo nguvu za mbili haijafa. Iko ndani ya picha zako pia, tutaifikia.

Chipu ya DDR4 nayo ina benki, kwa kawaida 16 katika makundi manne. Ndani ya benki, kusoma kunaanza kwa kufungua safu nzima na kuinakili kwenye vikuza ishara. Kwa RAM yenye ranki moja, yaani seti moja ya chipu zinazojibu kwa pamoja, safu ni KB 8 ukijumlisha chipu zote. Kwa DDR4-2400 yenye CL17, yaani kusubiri mizunguko 17 ya saa ya RAM, kuchukua data kwenye safu iliyokwisha funguliwa ni nanosekunde 14 hivi. Kama hakuna safu iliyofunguliwa, ni 28. Kama iliyofunguliwa ni nyingine na lazima ifungwe kwanza, ni 42. Sehemu iliyobaki ya zile 90 inaliwa na kupekua L3 (kache ya ngazi ya tatu), kusafiri ndani ya prosesa na kusubiri zamu kwa mdhibiti wa kumbukumbu. Mstari mmoja wenyewe hupita kwenye waya kwa nanosekunde 3.3 tu, ilhali benki ikifunguliwa haiwezi kufungua safu nyingine kabla ya nanosekunde kama 46. Gawanya 46 kwa 3.3: unahitaji benki 14 zinazofanya kazi kwa pamoja ili maombi yaliyotawanyika ovyo yasiache waya wazi. Ndiyo maana ya 16. DDR5 ina benki 32 na imeigawa RAM moja katika chaneli ndogo mbili za biti 32, kwa sababu waya umekuwa na kasi zaidi huku benki zikibaki na mwendo ule ule wa zamani. Kuna kikomo kingine pia: ndani ya ranki moja huruhusiwi kufungua safu zaidi ya nne katika kipindi fulani kifupi, ili umeme wa chipu usiyumbe. RAM yenye ranki mbili inakupa benki maradufu na vikomo viwili vinavyojitegemea. Ukiwa dukani, hilo ndilo la kutazama baada ya idadi ya chaneli.

Tuje kwenye kache. Maurice Wilkes wa Cambridge alichapisha wazo lake mwaka 1965, na IBM System/360 Model 85, iliyotangazwa mwaka 1968, ikalileta sokoni. Kori yako ina L1 ya data ya KB 32 inayojibu kwa mizunguko 4 au 5, L2 ya KB 256 kwa mizunguko 12 hivi, na kori 14 zinagawana L3 ya MB 35 ambayo hujibu kwa mizunguko 50 hadi 70. Kwa nini L1 iwe ndogo hivyo? Sababu moja ni umbali: waya mrefu unachelewa, na kache kubwa ni waya mrefu. Sababu nyingine ni ya kiufundi zaidi na inapendeza. Anwani anayoitumia mwandishi wa programu si anwani halisi ya RAM, lazima itafsiriwe. Kusubiri tafsiri kabla ya kuifungua kache kungechelewesha kila usomaji, kwa hiyo L1 huanza kupekua kwa kutumia biti ambazo tafsiri haizigusi. Ukurasa, kipande cha kumbukumbu kinachotafsiriwa kwa pamoja, ni KB 4, hivyo biti hizo ni 12 za mwisho. Biti 12 zinakupa KB 4 kwa kila njia ya kache, yaani kila moja ya nafasi mbadala ambapo mstari unaweza kukaa. Njia nane ni KB 32. Ukitaka kubwa zaidi unaongeza njia, na kila njia ni ulinganishaji mwingine unaokula umeme kwa kila usomaji. Intel walipoipandisha L1 hadi KB 48 waliweka njia 12. Apple M1 ina L1 ya data ya KB 128 kwenye kori zake kubwa, kwa njia zile zile nane, kwa kuwa mfumo wao hutumia kurasa za KB 16. Ukubwa wa ukurasa, jambo ambalo waandishi wengi wa programu hawalifikirii kabisa, ndio uliompimia mbunifu kiwanja cha L1.

Na L3, kwa nini isiwe GB 27 ili data yako yote iingie? Biti moja ya kache ni transista sita. Biti moja ya RAM ni transista moja na kapasita. Katika teknolojia ya N5 ya TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu, seli moja ya kache inachukua mikromita za mraba 0.021, na ilipokuja N3E, kizazi kilichofuata, ukubwa ukabaki ule ule: mantiki ilipungua, kache ikagoma. Data yako ni baiti bilioni 26.8. Seli zake peke yake, bila waya wala vikuza ishara, zingechukua milimita za mraba 4,500, wakati eneo kubwa kuliko yote linaloweza kuchapwa kwa mpigo mmoja kwenye kaki ya silikoni ni milimita za mraba 858. AMD wamejaribu kupanda juu badala ya kutanuka: Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ina kipande cha kache kilichobandikwa juu ya prosesa, na L3 inafika MB 96. Kwa kazi yako hata hiyo isingesaidia kitu. Unaisoma kila pikseli mara moja na kuiacha. Kache iliyo ndogo kuliko data, kwa usomaji wa namna hiyo, inapitiwa tu.

Kinachofaa kwa hesabu kama zako ni kuileta RAM karibu na kuipa waya nyingi. HBM hufanya hivyo: chipu za RAM hupangwa juu ya nyingine, na rundo moja huunganishwa na prosesa kwa njia ya biti 1,024 badala ya 64. Prosesa ya A64FX ya Fujitsu, iliyoiwezesha Fugaku ya Kobe kuwa kompyuta ya kwanza duniani kwa kasi mwezi Juni 2020, ina GB 32 za HBM2 zinazotoa GB 1,024 kwa sekunde kwa kori 48, na wabunifu wake hawakuweka L3 kabisa. Kila kori inapata zaidi ya GB 21 kwa sekunde. Kori yako leo inapata 1.4. Bei ya uamuzi huo ni kwamba GB 32 ndizo hizo hizo. Huwezi kufungua kifuniko ukaongeza.

Sababu ya umeme nayo isisahaulike. Mark Horowitz wa Stanford alionyesha mwaka 2014 kwamba, kwa chipu za nanomita 45, kuzidisha namba mbili za desimali za biti 32 kunagharimu pikojuli 3.7, ilhali kuleta biti 64 kutoka RAM kunagharimu pikojuli 1,300 hadi 2,600. Kori zako 22 zinazosubiri hazifanyi kazi, lakini bili ya umeme inahesabu.

Sasa matengenezo. Endesha dmidecode -t memory kama msimamizi wa mfumo. Itakuorodheshea kila sloti, iliyojaa na iliyo tupu. Kisha badilisha RAM zako ziwe nane za GB 16, nne kwa kila prosesa, moja kwenye sloti ya kwanza ya kila chaneli. Sloti hizo mara nyingi zina vishikizo vya rangi tofauti, na mchoro huwa umebandikwa ndani ya kifuniko cha seva. Fuata mchoro, usikisie. Lebo unayoitafuta ianze na 2R na iwe na PC4-2400T ikifuatwa na herufi R. Yenye L baada ya T ni ya aina nyingine ambayo haichanganyiki na hii, na RAM za kompyuta ya kawaida ya mezani hazifai hapa. Ukichanganya moja ya 2133 humo, zote zitashuka hadi 2133 na kila chaneli itabaki na GB 17 kwa sekunde. Usitumie tena zile mbili za GB 32 pamoja na za 16: mdhibiti hugawa anwani kwa zamu kwenye chaneli zilizolingana ukubwa, na sehemu inayozidi hubaki kwenye chaneli moja, polepole kama mwanzo, na hutajua ni sehemu gani ya data iliyoangukia huko.

Seva ikiwaka na RAM moja isionekane, usikimbilie kusema imekufa. Vumbi letu la kiangazi huingia kwenye sloti. Chomoa umeme, gusa chuma cha boksi utoe chaji mwilini, futa meno ya RAM kwa alkoholi isiyo na maji, pulizia sloti, rudisha mpaka vishikizo vyote viwili vilie. Angalia pia feni na njia ya hewa juu ya RAM. Arusha ni baridi kiasi, lakini tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi, inabeba joto pungufu kwa feni ile ile. Chipu ya DDR4 ikivuka nyuzi 85 lazima iburudishe kapasita zake, yaani izijaze chaji upya, mara mbili zaidi, kila mikrosekunde 3.9 badala ya 7.8. Kwa chipu ya gigabiti 8 uburudishaji mmoja huchukua nanosekunde 350, hivyo muda unaopotea unapanda kutoka asilimia 4.5 hadi 9.

Kabla ya kugusa programu yako, pima njia kwa STREAM, programu ya John McCalpin ya kupima kasi ya kumbukumbu. Kila safu ya data (array) humo inatakiwa iwe angalau mara nne ya kache zote; MB 35 mara mbili ni 70, mara nne ni 280. Weka STREAM_ARRAY_SIZE iwe 80000000, yaani MB 640 kwa kila safu, na uikompaili kwa gcc ukiwa na -O3 -fopenmp -mcmodel=medium; hiyo ya mwisho inamzuia kiunganishi kukataa ukiongeza ukubwa hadi safu tatu zipite GB 2. Weka OMP_PLACES=cores na OMP_PROC_BIND=spread. Kwa RAM nane, Triad, mojawapo ya vipimo vyake, ikikupa karibu na GB 100 kwa sekunde uko sawa. Usishtuke kwamba si 153.6: kori inapoandika kwenye mstari, kwanza huusoma, na STREAM haihesabu usomaji huo. Inahesabu baiti 24 wakati waya umepitisha 32. Ikikupa 70, chaneli fulani haifanyi kazi.

Sasa programu. Tuhesabu baiti inazosafirisha. Picha moja ya bendi moja ni pikseli milioni 67.1 za baiti 2, MB 134.2, picha 200 ni GB 26.8. Kama ulifanya kama wengi wanavyofanya, hatua ya kwanza inasoma bendi zote na kuandika NDVI kwa namba za baiti 4: kusoma 26.8, kuandika 26.8, na ule usomaji wa kabla ya kuandika 26.8 nyingine. Hatua ya pili inasoma NDVI yote kutafuta mwelekeo: 26.8 tena. Jumla GB 107.4. Kwa njia ya 38.4 iliyojaa kikamilifu ni sekunde 2.8, na chaneli kiuhalisia hutoa asilimia 80 hivi ya kilele. Ongeza kwamba mzigo haujagawanyika sawa kati ya prosesa mbili, na kama unaomba kumbukumbu ya NDVI upya kila mzunguko, kerneli huijaza sufuri kwanza. Sekunde 6 zimeeleweka.

Kwa hiyo NDVI isiandikwe kwenye RAM kabisa. Ihesabu, itumie kwenye jumla za mwelekeo, itupe. Trafiki inashuka hadi 26.8 peke yake. Lakini angalia mtego. Ukiandika kitanzi kinachochukua pikseli moja na kupitia tarehe zote 100, kisha pikseli inayofuata, itakuwa taabu tupu. Picha yako ya 8192 kwa 8192 ni baiti 134,217,728 kamili, nguvu ya mbili. Picha 200 zikifuatana kwenye kumbukumbu, pikseli ile ile katika picha zote ina biti 12 za mwisho zinazofanana, na mistari yote 200 inagombania seti moja (kundi moja la nafasi) ya L1 yenye njia nane. Mstari unafukuzwa kabla pikseli zake 31 nyingine hazijatumika. Kurasa kubwa za MB 2 ambazo Linux huweza kukupa zenyewe zinaongeza ubaya hapa, kwa kuwa biti zinazochagua seti ya L2 nazo zinakuwa sawa. Na kifaa cha kuleta mapema hufuatilia mikondo 32 tu. Wewe una 200.

Geuza vitanzi. Chukua kipande cha pikseli 4,096 zinazofuatana. Ndani yake kitanzi cha nje kiwe tarehe na cha ndani kiwe pikseli. Kwa kila pikseli weka jumla tano: idadi ya tarehe zisizo na mawingu, jumla ya t (wakati wa picha), ya t², ya NDVI, na ya t × NDVI. Jumla tano za baiti 4 kwa pikseli 4,096 ni KB 80, zinakaa ndani ya L2 ya KB 256 pamoja na data inayopita. Kwa wakati mmoja unasoma mikondo miwili tu, kila mmoja KB 8 mfululizo, ambazo ni mistari 128: inatosha kifaa cha kuleta mapema kushika mwendo. Pikseli 1,024 zingeingia L1 kwa jumla za KB 20, ila mikondo inakuwa mifupi mno. Kati ya 2,048 na 8,192 jaribu mwenyewe. Tofauti itakuwa ndogo. Nyuzi za OpenMP zigawane vipande, na kila uzi uwe na KB 80 zake peke yake. Nyuzi mbili zisiandike kwenye mstari mmoja wa baiti 64, la sivyo kori zitanyang'anyana mstari huo mchana kutwa.

Linabaki la data kukaa upande upi. Linux hutoa ukurasa kwenye RAM ya prosesa ambayo uzi wake umeugusa kwanza. malloc haigusi, fread inagusa. Kama uzi mmoja ndio uliosoma faili zote, data yote iko kwa prosesa ya kwanza na kori 14 za pili zinaomba kwa jirani. Kabla ya kusoma faili, andika sufuri kwenye safu zote kwa kitanzi cha OpenMP chenye mgawanyo ule ule, schedule(static), utakaotumika kwenye hesabu. Njia ya mkato ni numactl --interleave=all, ambayo itakusaidia leo kwa RAM mbili. Baada ya kuweka nane haitoshi: nusu ya trafiki inavuka kati ya prosesa, na viungo viwili vya QPI hubeba GB 38.4 kwa sekunde kila upande kwa kilele, kabla ya gharama za itifaki. Ukishageuza vitanzi, washa pia kurasa kubwa kwa madvise: data yako ni kurasa 6,553,600 za KB 4 lakini kurasa 12,800 tu za MB 2, na daftari la tafsiri za anwani la ngazi ya pili katika kori yako lina nafasi 1,536.

Nje ya kumbukumbu kidogo: kama tarehe zako zinavuka Januari 25, 2022, picha za kuanzia hapo zimeongezewa 1,000 kwenye thamani za bendi, na lazima uzitoe, vinginevyo utapata mwelekeo wa uoto ambao haupo msituni.

Kwa RAM nane na kitanzi kipya, GB 26.8 kupitia njia inayotoa asilimia 80 ya 153.6 ni sekunde 0.22. Tarajia kama theluthi moja ya sekunde, kwa sababu sasa kori zote 28 zitakuwa kazini na hesabu yenyewe itaanza kuonekana, ukiwemo mgawanyo ulio ndani ya NDVI: kugawanya namba nane kwa pamoja kunaichukua kori ya Broadwell mizunguko 10 hivi. Mgawanyo huo nao unapunguzika kwa maelekezo ya makadirio ya kinyume yakifuatwa na hatua moja ya Newton, ambayo hukupa usahihi wa biti zaidi ya 20. Data ya setilaiti yenyewe imehifadhiwa kwa biti 16 tu.